Namna ya kuandika maisha ya profesa wako kabla mwezi wa elfu haujapevuka

Mke wa Profesa alinipigia simu saa mbili usiku. "Mwanangu, mzee wako anatimiza miezi elfu. Nyie wanafunzi wake mmemwandikia nini?"

Nilidhani nimesikia vibaya. Miezi elfu ni miaka themanini na mitatu na ushee, na mzee alikuwa hajafika huko. Jirani yangu niliyemsimulia yeye alifikiri ni habari za Lailatul Qadri. Kumbe mama alikuwa anahesabu miezi mipevu. Watamili, watu wa kusini mwa India na kaskazini mwa Sri Lanka alikotoka Profesa, humfanyia mtu sherehe akishaona mwezi umepevuka mara elfu moja. Kutoka mwezi mpevu hadi mwingine ni siku 29.53, kwa hiyo elfu moja ni kama siku 29,530: miaka 80 na miezi kumi. Tulikuwa tumebakiwa na miezi minne.

Kazi ya kuandika kijitabu nikaangukiwa mimi, si kwa ufundi wa kalamu. Katika kundi letu la WhatsApp wenzangu waliwahi kusema wana safari, mimi nilichelewa. Ni mhandisi wa mitambo, nimekaa na mashine za kiwanda Barabara ya Pugu zaidi ya miaka ishirini, na kitu kirefu nilichokuwa nimeandika kabla ya hapo ni ripoti ya boila. Nikajifunza humo humo. Naeleza hapa nilivyofanya kwa sababu najua wazee wa aina yake wako wengi Dar es Salaam, wamekaa Upanga, Changanyikeni, Mbezi, wamefundisha nusu ya mafundi na wahandisi wa nchi hii, na habari zao zote ziko kwenye wasifu wa kazi wa kurasa tatu. Jina lake silitaji, aliomba hivyo.

Usianzie kwenye wasifu wa kazi

Utapewa tu, wala huhitaji kuuomba. Upokee kwa mikono miwili, uweke kwenye bahasha, usiufungue wiki ya kwanza. Ukiufungua utajikuta unauliza maswali ambayo majibu yake yamo humo.

Mimi nilikwenda siku ya kwanza na maswali ishirini na saba na simu ya kurekodia. "Profesa, ulivutiwaje na uhandisi?" Akanijibu kama anavyojibu kamati ya kupandisha vyeo: sentensi tatu zilizonyooka, hazina mtu ndani. Tukaenda hivyo nusu saa. Chai ikapoa. Kisha huko chini mlinzi akawasha pampu ya kupandisha maji kwenye simtanki za juu, na Profesa akanyamaza katikati ya neno, kidole juu.

"Unasikia?"

Nilisikia. Ni kama mtu anachekecha kokoto ndani ya debe.

Tukashuka ngazi, ghorofa tatu, mkono wake mmoja ukutani, wa pili umeshika bisibisi ndefu aliyoitoa kwenye droo ya jikoni. Mlinzi akasimama. "Shikamoo babu. Fundi kasema hii imekufa, inunuliwe mpya." "Marahaba," akasema, na hakuongeza neno. Aliweka ncha ya bisibisi juu ya nyumba ya beringi, mpini akaubana kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, akafumba macho. Akahamisha ncha kwenye beringi ya pili. Akahamisha tena, upande maji yanakoingilia, akakaa hapo kidogo, kisha akanipa bisibisi nisikilize mwenyewe, kama alivyotufanyia karakana ya Chuo Kikuu, Mlimani, mwaka 1987. Beringi zilikuwa zinavuma laini kama nyuki. Zile kokoto zilikuwa kwenye mlango wa maji.

Kokoto zenyewe hazipo. Pampu ikivuta maji kwa taabu, presha upande wa kuvutia inashuka mpaka maji yanachemka yakiwa baridi. Yanatoa viputo. Viputo vikifika ndani ya impela, lile gurudumu linalosukuma maji, kwenye presha kubwa, vinajikunja na kupasuka, kila kimoja nyundo ndogo, na chuma kinaliwa taratibu kama jino bovu. Ukinunua pampu mpya ukaifunga palepale, nayo italiwa. "Mgonjwa ni koo," Profesa akamwambia mlinzi, "wewe unataka kubadili tumbo." Mlinzi akavua shati akaingiza mkono kwenye tangi la chini. Chujio la futivalvu, ile valvu ya mdomoni mwa bomba la kuvutia, lilikuwa limefunikwa na utelezi na kipande cha gunia.

Wakati anahangaika nalo, Profesa ameketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, akaanza kusema bila kuulizwa. Rasi ya Jaffna, kaskazini kabisa mwa Sri Lanka, haina mto unaotiririka mwaka mzima. Watu wanaishi kwa visima vilivyochimbwa kwenye mawe ya chokaa. Kijijini kwao kisima kilikuwa na nguzo, na juu ya nguzo gogo refu limelazwa kama bembea, ndoo ikining'inia upande mmoja. Mtu mmoja anaongoza ndoo, mwingine anatembea juu ya gogo, miguu mitupu, mbele na nyuma, tangu alfajiri. Akienda mbele ndoo inazama, akirudi nyuma inapanda. Aliyetembea alikuwa mjomba wake. Yeye, mtoto wa miaka saba, alikaa chini anahesabu hatua, akagundua kwamba mjomba akikatisha hatua mbili ndoo haipandi hata apige kelele vipi. Alichukua mkaa akachora alama kwenye gogo. Mjomba akampiga kofi kwa kuchafua gogo, na kesho yake akawa anageukia kwenye alama.

Yale maswali yangu ishirini na saba yasingenifikisha kwenye gogo lile. Kwa hiyo, ukimwandika mhandisi, mpeleke kwenye kitu kinachozunguka. Karakana ya Gerezani, mashine ya kusaga ya mtaani, hata feni yake mwenyewe inayolia. Usimuulize alijisikiaje. Muulize: kitu gani kiliwahi kukuharibikia mikononi? Nani alikufundisha kukaza nati bila kuikata? Mashine gani uliiacha huko ulikotoka na bado unaiwaza? Simu ya kurekodi iache mfukoni siku ya kwanza, uandike ukiwa kwenye ngazi au ndani ya daladala. Siku ya pili omba ruhusa. Na nenda alasiri. Baada ya chakula cha mchana mzee atakuvumilia tu.

Jina, kabla ya kitu kingine

Hapa ndipo nilipowahi kuaibika, na si mimi peke yangu. Alipostaafu tulichanga, tukachapisha bango la mita tatu: HONGERA PROFESA, na chini yake jina lake la kwanza. Alisimama mbele ya bango muda mrefu. Akacheka mpaka akatoa miwani. "Mmempa marehemu baba yangu uprofesa. Alikuwa karani wa posta. Angefurahi sana."

Tulikuwa tumelisoma kwa desturi yetu, ambapo jina la mwanzo ni la mtu na linalofuata ni la baba. Kwa Watamili ni kinyume: jina la baba, au herufi yake tu, hutangulia, na la mtu mwenyewe huja mwisho. Jina la ukoo kwa kawaida halipo. Srinivasa Ramanujan, yule mwanahisabati aliyezaliwa 1887, Srinivasa ni baba yake. Rais wa India wa 2002 hadi 2007, A. P. J. Abdul Kalam, ambaye naye alisomea uhandisi, wa ndege, huko Madras, amebeba safu nzima: Avul, Pakir, Jainulabdeen, ndipo anakuja yeye. Huyo Jainulabdeen, baba yake, ni Zainul Abidin wetu wa huku pwani. Na wakati mwingine lililotangulia si mtu kabisa. Arcot Ramachandran, mhandisi wa mitambo aliyeongoza chuo cha IIT Madras kisha akahamia Nairobi kusimamia shirika la makazi la Umoja wa Mataifa kuanzia 1978 hadi 1992, hilo Arcot ni mji.

Ukipata majina ya wazazi na mababu, yachore kama mti. Utaona mambo. C. V. Raman alipata Tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka 1930, na mtoto wa kaka yake, Chandrasekhar, akaipata 1983. Jina la huyu wa pili ni la babu yake, yule yule aliyekaa mbele ya jina la Raman kwenye herufi C. Mjukuu kupewa jina la babu, hilo halihitaji kuelezwa Dar es Salaam.

Mwulize pia mkewe anaitwaje na wanafunzi, na yeye anawaitaje. Profesa aliniambia wiki yake ya kwanza hapa, mwaka 1976, alikuwa anashangaa sokoni kwa nini wanawake wote wanaitwa mjomba. Kwa Kitamili "mama" ni mjomba. Mama mzazi ni "amma", na mtoto wa kike huitwa hivyo hivyo kwa kubembelezwa, kama sisi tunavyomwambia binti wa miaka mitatu "njoo mama". Miaka minne alikuwa ananiita amma darasani na mimi nadhani anakosea tu matamshi.

Jambo jingine dogo: usiandike "Mhindi". Mlimani tulimwita hivyo wote, naye hakuwahi kutukatiza. Alinisahihisha mara moja tu, kwa penseli, kwenye rasimu: Mtamili wa Sri Lanka.

Tarehe mbili, zote za kweli

Cheti chake cha kuzaliwa na jani la nyota, lililoandikwa nyota yake ya kuzaliwa, vinapishana siku moja. Jani lenyewe ni jani hasa, la mti wa mvumo, jembamba kama rula, maandishi yamekwaruzwa kwa ncha ya chuma kisha yakapakwa masizi yaonekane. Mama analitunza kwenye kitambaa cha njano ndani ya kabati la vyombo. Nilitumia wiki nzima nikidhani kuna aliyekosea. Mama akaniuliza, "Alizaliwa saa ngapi?" Saa tisa usiku. "Basi."

Kwa hesabu ya nyota ya kwao siku inaanza jua linapochomoza. Saa tisa usiku bado ni jana. Karani wa serikali alihesabu kuanzia saa sita usiku, kwake ilikuwa tayari kesho. Mimi niliyekulia kwenye lugha ambayo saa moja ni saa moja baada ya mapambazuko nilipaswa kuliona hilo mwenyewe. Nikaandika "usiku wa kuamkia" tarehe ile, Aprili 1943, na pande zote mbili zikaridhika.

Kwa hiyo tarehe zikigongana usikimbilie kuchagua. Tafuta kwanza sababu ya kugongana. Mimi nasema siku zote nilihitimu 1990, cheti kinasema 1991, na sijadanganya: Chuo kilifungwa Mei 1990 na sisi tukarudishwa nyumbani na maboksi yetu. Profesa husema alisoma Colombo, cheti kinasema Peradeniya. Alianza 1961 Kitivo cha Uhandisi kikiwa Colombo, na 1964 kitivo kizima kikahamishiwa Peradeniya, milimani, yeye akiwa katikati ya masomo. Alimaliza 1965. Chuo chenyewe kikiitwa Chuo Kikuu cha Ceylon, kwa kuwa nchi ilibadili jina kuwa Sri Lanka mwaka 1972. Andika jina la wakati ule, na mara moja tu fafanua la sasa. Fanya hivyo kwa upande wetu pia. Alipofika 1976 alikuta Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina miaka mitatu tu, kimefunguliwa 1973 kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, saruji bado inanukia. Hakikuwa na jina refu kilicho nalo leo.

Makala za kitaaluma

Hizi zisikuchukulie muda mwingi, maana hakuna mgeni wa sherehe atakayezisoma. Ila zihesabu sawasawa. Kwenye Google Scholar, mtandao wa kutafutia makala za kitaaluma, nilimkuta Profesa ametawanyika kwa tahajia tatu. Herufi moja ya Kitamili husomeka p au b, nyingine k au g, nyingine t au d, na kila karani wa Kiingereza aliandika alichosikia. Tafuta zote. Kisha ondoa za watu wengine wenye jina hilo: mimi nilikuwa nimemwekea makala mbili za magonjwa ya mpunga.

Nitakwambia penye dhahabu. Maktaba ya Mlimani, kwenye tasnifu za wanafunzi wake wa uzamili na uzamivu, ukurasa wa shukrani. Watu huandika humo mambo ambayo hawatakwambia kwenye simu. Mmoja anamshukuru kwa kumkopesha nauli ya kwenda Mwanza kuzika. Mwingine kwa "kunirudishia sura ya nne mara sita". Nilikaa humo siku mbili na daftari, nikatoka na visa vingi kuliko nilivyopata kwa mazungumzo, na majina ya watu wa kupigia. Ukiwapigia, usiseme "nieleze kuhusu Profesa", watakupa hotuba. Waambie: alikurudishia sura ya nne mara sita, kwa nini? Wa sura ya nne alicheka kwanza. Alikuwa ameandika kwamba pampu yake ingevuta maji kutoka kina cha mita kumi na mbili. Hewa ya usawa wa bahari haiwezi kusukuma maji kupita mita 10.3 hata ukiwa na pampu ya malaika, na kwa kazi ya kawaida usipange zaidi ya saba. Profesa hakumwambia kosa liko wapi. Alirudisha tu, mara sita, na alama ya kuuliza pembeni.

Vyeo vimalize kwa sentensi moja: mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa, na mwaka wa kila kimoja. Shahada ya uzamivu, Manchester, mtetemo wa shafti. Basi.

Panapouma

Mzee yeyote wa umri huo ana mlango asioufungua. Kwa Profesa nilijua uko wapi. Maktaba ya Jaffna ilifungua jengo lake jipya 1959, yeye ana miaka kumi na sita, na huko ndiko alikosomea hisabati jioni kwa sababu nyumbani taa ilikuwa moja. Ilichomwa usiku wa kuamkia Juni mosi, 1981, ikateketea na vitabu na miswada zaidi ya 90,000. Hayo alinisimulia mwenyewe, kwa utulivu, mpaka mpangilio wa rafu. Nikapata moyo nikauliza kuhusu Julai 1983, Watamili waliposhambuliwa mitaani Colombo. Alikuwa na kaka yake huko.

Alinyanyuka akazima feni. Akarudi akaketi. "Andika kwamba mwezi huo nilikuwa Dar es Salaam nafundisha mtetemo."

Niliandika hivyo hivyo, neno kwa neno, bila maelezo. Usimzunguke kwa kumuuliza mkewe jikoni. Mimi nilijaribu, na mama alinipa dosa nyingine, ile chapati yao nyembamba, sahani ikiwa imejaa. Nikaelewa.

Kusoma na kuchapa

Rasimu ikiisha, msomee kwa sauti. Usimpe karatasi, atasahihisha nukta. Ukisoma kwa sauti utaona anapoangalia dirishani, hapo umerefusha, na anapokutazama, hapo pana kosa au pana ukweli, muulize ni kipi. Nilisoma kwa jioni mbili. Kwenye kisima alinisimamisha: niliandika mjomba alimpiga kofi kwa hasira. "Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka." Nikabadilisha.

Urefu: kurasa thelathini na sita za nusu ya A4 zinatosha. Wachapaji wa Kariakoo hupenda idadi inayogawanyika kwa nne, hivyo ukimaliza na thelathini na nne, acha mbili tupu, usizijaze mashairi. Maneno ya Kitamili mpe mwenyewe ayaandike kwa mkono, uyapige picha. Programu ya mchapaji wetu iliyavunja herufi zote, tukayagundua tukiwa na nakala ya majaribio tu, kwa bahati. Chapa nyingi kidogo kuliko wageni. Sisi tulichapa sitini kwa wageni arobaini na tano, na zikaisha.

Nakala ya kwanza mama alisema iende kwa mlinzi, kwa kuwa yumo. Profesa aliichukua kwanza, akafungua ule ukurasa mtupu wa mwisho, akaandika kwa penseli kwa Kiswahili chake cha herufi kubwa: CHUJIO, KILA MIEZI MITATU. Akaweka tarehe, akashuka nayo mwenyewe.